Mke Mwenzangu na Kidude Kilichokataa Mtandao

Mimi sipendi kitu kinachowaka kikiwa mkononi mwa mtoto. Nimelea watoto wangu wote bila hivyo na wamekua, wana meno, wana kazi. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike alipoletwa kwangu mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, akashuka kwenye bodaboda na begi mgongoni na kidude cha gemu amekikumbatia kifuani kama kifaranga, nilimwambia kabla hajakaa: "Hicho kitakaa kabatini. Hapa kuna kuku, kuna mtama wa kupalilia, na kuna mimi."

Akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia usoni: "Bibi, naomba nisikiweke kabatini. Kaka yumo humo."

Nilidhani jua la njiani limempiga. Nikampa maji, nikamwambia atulie aseme vizuri.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake, binti yangu, alihamishiwa kikazi Mtwara, na kule alipewa chumba kimoja tu. Mtoto wa kike akaja kwangu mpaka mama apate nyumba. Kaka yake, aliyemaliza darasa la saba, akabaki Dodoma kwa shangazi yake akisubiri kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali huko kusini, ambako simu haziingii wala vidude. Watoto hawa wawili hawajawahi kulala nyumba mbili tofauti tangu wazaliwe. Mjomba wao aliye Uarabuni aliwahi kuwaletea vidude viwili vya gemu vilivyotumika, kila mmoja chake. Mle ndani kuna gemu ya kujenga. Unakata miti, unachimba mawe, unajenga nyumba, na mwenzako akiwa na mtandao anaingia humo humo mnajenga pamoja hata kama yeye yuko Dodoma na wewe uko hapa kwetu, karibu na Iguguno, Singida.

Walikuwa wamejenga nyumba moja. Kuta zimesimama, paa bado.

"Kaka anaondoka Jumamosi hii mchana," akasema. "Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, saa nne, tunaezeka. Baada ya hapo shangazi anakifungia kidude chake mpaka likizo ya mwezi wa sita."

"Si mna simu? Ongeeni kwenye simu."

Akaanza kufungua begi lake. Jibu nililiona kesho yake.

Mama yao alikuwa amempa simu yake ya zamani, ile ya kupangusa, aje nayo ili tuwe tunaonana sura. Tukampigia kaka. Akatokea, shavu moja na sikio. Nikamsalimia, akaniamkia. Nikamuuliza, umekula? Ndiyo. Unajiandaa? Ndiyo. Shule unaiogopa? Hapana. Nikampa dada yake. Wakatazamana. "Poa?" "Poa." "Haya." "Haya." Simu ikakatwa.

Yule mtoto ni babu yake mtupu. Marehemu mume wangu aliweza kukaa na mgeni tangu asubuhi, akamwambia neno moja wakati wa kuagana, na mgeni akaondoka anamsifu. Kwa wakubwa hilo ni sawa. Lakini nilimwona mke mwenzangu anavyoiweka ile simu juu ya meza, polepole, kama mtu aliyekwenda kisimani akakuta tope. Akaniambia, "Kwenye gemu anaongea, bibi. Anaandika. Ananitania."

Basi. Nikasema kidude kisiende kabatini mpaka Jumamosi ipite. Sikusema nimekubali. Nilisema mpaka Jumamosi.

Ndipo tatizo likaanza, kwa sababu kidude kilikataa mtandao.

Na yeyote anayetaka kuniletea utani wa Wi-Fi na wifi ndugu wa mume, aukalie. Nimeshausikia kwa kijiji kizima.

Mtoto aliwasha hotspoti kwenye simu, ili simu irushe mtandao na kidude kiudake. Kidude kikaiona simu, jina lake likatokea. Akaingiza neno la siri. Kikakubali. Kikazungusha kiduara chake, kikazungusha, halafu kikatoa maandishi na namba ndefu, na mtoto akabonyeza kitufe haraka, maandishi yakaondoka. Akaanza upya. Kiduara, maandishi, kitufe. Kila mara hivyo hivyo, na kila mara mdomo wake unazidi kuchongoka.

Mimi kwenye mambo ya simu najua ugonjwa mmoja tu. "Bando limekwisha," nikasema.

"Halijaisha, bibi. Tazama." Akafungua kwaya kwenye simu, ikaimba, watu wakacheza kwa mashati yao ya kufanana. Bando lilikuwepo.

"Sasa kama simu ina mtandao na kidude kimeishika simu, kinakwama wapi?"

Akafikiri. Nampendea hilo, huwa anafikiri kabla ya kujibu. "Ni kama mgeni ameingia uani kwako, bibi. Umemkaribisha. Lakini mlango wa nyumba hafunguliwi."

"Basi kuna kitu kakosea mgeni."

"Au kakosea mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Sijui. Wako huko kwenye mtandao."

Nikamwambia tukapalilie kwanza. Wakati wa palizi hata mgonjwa anainama.

Jioni tulipanda mwambani. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwamba, mawe makubwa yaliyopandiana kama mikate. Vijana wote wanaotaka kuongea na wachumba wao hupanda pale, maana mtandao unafika vizuri. Mimi goti langu la kushoto halipendi ule mwamba, lakini sikutaka mtoto apande peke yake kwenye mawe yaliyolowa. Nikaenda nikishika ukuta wa jiwe, simu iko kifuani mwangu, kidude kiko kwake.

Jirani yangu alikuwa chini anatafuta mbuzi wake. Yeye na mimi tulianza kusukana nywele tukiwa wasichana, hana adabu na mimi hata kidogo. Akapaza sauti:

"We bibi! Mnapanda kuomba mvua? Mbona imeshanyesha?"

"Tunaomba mtandao!"

"Umepata mchumba?"

"Nimempata, yuko Dodoma, anakwenda kidato cha kwanza!"

Akacheka mpaka mbuzi akamponyoka. Kule juu simu ilijaa mtandao, mistari yote imesimama. Kidude kikashika simu, kikazungusha kiduara, kikatoa maandishi yake. Mtoto akabonyeza kitufe. Tukashuka.

Kesho yake nikasema tukianike. Mtu asinicheke. Sisi tulikuwa na redio, na betri zikichoka tulizitoa tukazianika juani juu ya ungo pamoja na mtama, na jioni redio inasema tena, sauti inarudi, taarifa ya habari unaisikia mpaka mwisho. Nikaona kidude kimetoka safari, kimepigwa vumbi la barabara na unyevu wa mvua, kikipata jua kidogo kitarudiwa na akili. Nilikuwa nimeshakiweka kwenye ungo. Mtoto alitoka chooni akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu nyoka aingie bandani.

"Bibi! Kitaungua! Kina betri ya ndani!"

"Ndiyo hiyo betri nataka kuianika."

"Hii ikipata joto inavimba! Inalipuka!"

Nikakitoa. Akakipangusa kwa gauni lake, akakitazama upande huu na upande huu, akapuliza mtama uliokwama kwenye vitufe. Hakunigombeza, maana hana ruhusa hiyo, lakini siku ile nzima alikuwa akienda shambani anakwenda nacho, akienda kuteka maji anakwenda nacho.

Alhamisi nikaona isiwe shida. Nikavaa kitenge changu cha kutokea na kanga juu yake, tukaenda Iguguno kwa fundi simu. Ni kijana mdogo, ana kibanda chenye meza ya kioo, na chini ya kioo simu zilizokufa zimepangwa kama dagaa. Akaniamkia vizuri. Mtoto akamweleza. Akakishika kidude, akakiwasha, akajaribu kwa simu yake mwenyewe, kiduara kikazunguka, maandishi yakaja, naye akabonyeza kitufe haraka vile vile kama mtoto. Nikaliona hilo, nikaliweka moyoni.

"Hiki kinataka kuflashiwa, bibi."

"Kuflashi ndiyo kufanya nini?"

"Tunafuta vyote vilivyomo, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Kinakuwa kipya. Mtandao utakubali."

Nikahisi kanga yangu inavutwa kwa nyuma. Mtoto alikuwa ameshika pindo kwa mikono miwili.

"Na nyumba yao?" nikauliza.

"Nyumba gani?"

"Wamejenga nyumba humo, yeye na kaka yake. Wamebakiza paa."

Yule kijana akatabasamu, bila ubaya. "Hiyo itaondoka, bibi. Watajenga nyingine."

"Mwanangu," nikasema, "kwenu ng'ombe akikohoa mnachinja?"

"Hapana, bibi."

"Mnafanyaje?"

"Tunamwangalia kwanza."

"Haya. Nirudishie ng'ombe wangu."

Akanirudishia, anacheka, akasema nisikasirike, yeye alitaka kusaidia. Nikamwambia sijakasirika, sura yangu ndiyo iko hivi. Na ni kweli, sura yangu iko hivi.

Njiani kurudi mtoto alilia. Alikuwa hajalia tangu afike, hata mama yake alipoaga kwa simu. Alilia kimya, anatembea, mabega yanapanda na kushuka katikati ya mashamba ya alizeti iliyoanza kuchomoza. Mimi si mtu wa kubembeleza barabarani. Nikampa pindo la kanga. "Lia," nikamwambia, "lakini usisimame. Mvua ile inakuja na hatuna pa kujificha."

"Na Jumamosi, bibi?"

"Jumamosi haijafika."

Ijumaa ilikuwa siku ya bure. Mvua ilianza alfajiri na radi juu yake, radi ya huku kwetu inayopiga mwamba mpaka vyombo vinagongana kabatini. Radi ikiwa hivyo, nyumbani kwangu kioo kinafunikwa kwa kanga, sufuria zinazong'aa zinageuzwa, na kila kinachowaka kinazimwa. Simu nikazima. Kidude nikaamuru kizimwe. Mtoto akakaa mkekani amekipakata, tukimenya karanga, na kila radi ikipiga ananitazama, namtikisia kichwa: bado. Sitaki kusema uongo, nilimhurumia. Lakini radi haijui huruma, na nimeshawahi kuona ng'ombe walioungua wamesimama.

Jumamosi kulikucha kweupe. Alikuwa amenawa na kusuka upya mstari wa mbele wa nywele, kama anakwenda kuonana na mtu. Saa tatu na nusu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda na kuanza: hotspoti, neno la siri, kiduara, maandishi, kitufe. Nilikuwa napepeta mchele. Saa nne ikafika. Kiduara, maandishi, kitufe. Saa nne ikapita.

"Atakuwa ameshaingia," akasema. "Ananisubiri."

Nikaweka ungo chini. Nikaenda nikaketi karibu naye, nikamwambia, "Kisome hicho kinachosema."

"Kinasema kimeshindwa, bibi."

"Sijakuuliza kinasema nini. Nimesema kisome."

Niseme jambo hapa. Mimi shule niliachia darasa la nne. Mume wangu alipokuwa kazini mbali, barua zake zilisomwa na mtoto wa jirani, na yule mtoto alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Alisoma salamu, akasoma mwisho, katikati anaruka. Nikaja kugundua kwamba katikati ndiko kulikokuwa na maneno: lini anarudi, mbuzi yupi auzwe, mtoto apelekwe wapi. Tangu siku hizo, kwangu kitu kilichoandikwa kinasomwa kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na kikiisha kinasomwa tena. Iwe Biblia, iwe karatasi ya dawa, iwe tangazo la mnada.

"Ni Kiingereza, bibi."

"Kwani nimekuuliza kabila lake? Soma, halafu uniambie kwa Kiswahili. Kidole kwenye neno."

Akaweka kidole. Kiduara kikazunguka, maandishi yakaja, na kidole gumba chake kikaanza kwenda kwenye kitufe chenyewe, kwa mazoea. Nikamshika mkono.

"Imeshindwa... kuunganishwa na mtandao."

"Endelea."

"Namba ya kosa."

"Isome."

Akaisoma yote.

"Endelea."

"Imekwisha. Kuna mahali pa kubonyeza tu hapa chini, maelezo zaidi."

"Umeshawahi kubonyeza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni marefu, bibi."

"Na palizi ni ndefu. Bonyeza."

Akabonyeza. Yakaja maandishi mengi, madogo madogo. Akasoma, kidole kinasogea. Hakikisha kifaa kinachorusha mtandao kiko karibu. Kiko karibu, tumekikalia. Hakikisha neno la siri ni sahihi. Ni sahihi. Hakikisha mtandao una intaneti. Unayo, kwaya inaimba. Alitaka kurudi, nikamwambia hujafika mwisho. Akavuta chini.

"Hakikisha tarehe na saa ya kifaa chako ni sahihi."

"Ni sahihi?"

"Ndiyo. Niliweka mwenyewe siku ile niliyofika. Kilikuwa kimeisha chaji kabisa njiani, nilipokichomeka kikauliza saa. Nikakuuliza, uko jikoni, ukasema nisome ukutani. Nikasoma pale." Akaonyesha kwa kidevu saa yangu ya ukutani.

Mimi Kiingereza sijui, lakini namba nazijua, hazina kabila. Nikatazama simu, juu pembeni imeandika 10:20. Nikatazama kidude, kimeandika 4:20.

"Huyu anasema kumi," nikasema, "huyu anasema nne. Mmoja mwongo."

Mtoto akatazama simu. Akatazama kidude. Akatazama ukuta, ambako mshale mfupi ulikuwa umepita nne kidogo tu. Halafu akanigeukia mimi, na macho yakamtoka.

"Bibi. Kwa nini saa yako iko hivi?"

"Iko vipi?"

"Mshale uko kwenye nne!"

"Sasa saa nne uwe wapi?"

"Kwenye kumi!"

Nikamweleza. Ile saa aliinunua babu yake, na siku aliyoitundika aliigeuza mishale mwenyewe. Alisema hawezi kukaa kwenye nyumba yake aangalie mshale unaonyesha kumi huku mdomo wake unasema saa nne, huo ni uchokozi wa waliotengeneza saa. Saa nne iseme nne. Jua likichomoza, saa inaanza kuhesabu moja, kama mtu mwenye akili. Na imekwenda hivyo miaka yote, hakuna aliyechelewa kanisani wala mazikoni kwa sababu yake. Wageni wanaizoea.

"Kwa hiyo kidude kimekaa wiki nzima na saa ya babu," akasema.

"Na wewe pia, na hujakosa chakula hata kimoja."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda, kidude amekiinua juu kisidondoke. Katikati ya kicheko akanieleza kwamba kule kwenye mtandao kuna ukaguzi. Mashine yao inatazama saa yako, ikikuta haiendani na yao inadhani wewe ni tapeli uliyekuja na karatasi ya jana, inakufungia mlango.

"Mwenye nyumba alikuwa na haki basi," nikasema.

"Alikuwa na haki. Bibi, tuirekebishe saa ya—"

"Ya ukutani haiguswi. Rekebisha ya kidude. Na ufanye haraka, huyo wa Dodoma ana basi la kupanda."

Akaingia huko ndani, akabadilisha. Kiduara kikazunguka. Nikakuta nimeshika kigoda chake kwa mkono kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Kikazunguka. Kikaacha. Ukasikika mlio mdogo, kama kengele ya baiskeli, na skrini ikafunguka ikawa kijani yote, majani, na kilima, na juu ya kilima nyumba.

Sikutegemea iwe nzuri. Nilitegemea maboksi tu. Ni maboksi kweli, lakini ilikuwa nyumba: ina kibaraza, ina madirisha, na kuta za mawe yaliyopangwa kwa kufuatana, jekundu, jeusi, jekundu. Juu yake kasimama mtu mdogo mwenye fulana ya bluu. Alipotuona akaanza kurukaruka pale pale.

"Ndiye huyo!" mtoto akasema. Halafu akasogeza uso karibu. "Bibi, tazama. Ameezeka upande wake tu."

Nikatazama. Nusu ya nyumba ilikuwa na paa, vigae vimekaa vizuri. Nusu nyingine wazi, unaona mpaka ndani. Alikuwa amesubiri tangu saa nne, amemaliza nusu yake, na nusu ya dada yake hakuigusa.

Maneno yakatokea chini ya skrini. Mtoto akanisomea: "Umechelewa we kobe."

Akamwandikia: "Saa ya babu." Kutoka upande wa pili yakaja maneno mengi ya kicheko, haha haha mstari mzima. Anaijua ile saa, walipokuja zamani dada yake alikuwa bado wa mgongoni.

"Mke wangu yupo?" akaandika.

"Mwambie sijasikia salamu," nikasema.

Yakaja kwa herufi kubwa: SHIKAMOO MKE WANGU. Na yule mtu mdogo wa fulana ya bluu akainama kwenye paa, akainuka, akainama tena.

"Marahaba. Mwambie hivi, mume gani anaezeka upande mmoja?"

"Anasema upande wa pili ni wa mke mdogo."

"Mwambie mke mdogo anakuja. Na mwambie sijaona banda la kuku. Nyumba ya Singida haina kuku, ni nyumba ya nani?"

Wakaezeka. Sikuondoka. Mchele ulibaki kwenye ungo, kuku wangu wa kweli wakaja kuula na sikuwafukuza vizuri. Huyu anaweka kigae, yule anamletea mbao, wanagombana kwa maandishi. Umekosea. Sijakosea. Umekosea, toa hicho. Wewe ndiye uliyekosea dirisha. Mtoto ananisomea kila neno bila kuambiwa, mpaka la mwisho. Mume wangu mdogo akajenga banda la kuku pembeni, nikasema mlango uko chini mno, kicheche ataingia. Akaandika humo hakuna vicheche. Nikasema kicheche yupo kila mahali. Akapandisha mlango.

Yule ambaye kwenye simu anasema ndiyo na hapana, aliandika mambo mengi asubuhi ile. Shangazi amemnunulia ndoo yenye kifuniko. Sanduku lake lina kufuli mbili. Halafu akaandika, "Kule sijui mtu hata mmoja."

Mke mwenzangu akainua uso. Akanitazama. Sikumpa maneno, yangu yangekuwa makali, na hapakuwa mahali pake. Akaandika mwenyewe, vidole vinatafuta herufi polepole: "Waambie unajua kuezeka."

"Haha," akajibu. Halafu: "Usiguse chumba changu."

"Nitafuga mbuzi humo."

"Ndio maana nasema."

Kigae cha mwisho aliweka yeye, dada. Kaka yake alimsubiri chini amesimama kibarazani. Mara yakaja maneno: "Naitwa. Basi." Na mengine: "Nalala ndani ili nikirudi niamkie hapo." Akaingia mlangoni, nasi tukamfuata. Kuna vitanda viwili, kila kimoja na chumba chake. Akapanda chake, akalala chali na fulana yake ya bluu. Jina lake juu ya skrini likakaa kidogo, kisha likaondoka.

Mtoto hakulia. Alisogeza mtu wake mpaka kibarazani, akamsimamisha pale, anatazama kilima. Na mle ndani ya gemu, juu ya kile kilima, mbingu ikawa nyeusi, mvua ikaanza kunyesha, matone ya mistari mistari, na sauti yake ikasikika kama mvua hasa.

"Inavuja?" nikamuuliza.

Akamrudisha mtu wake ndani, akamzungusha chumba kwa chumba, anainua uso juu kila pembe. Cha kaka yake akakiangalia mara mbili.

"Haivuji, bibi."

Tukakaa tukaisikiliza.